Kubadilisha diski na pedi za breki za nyuma kwenye vani: mwongozo kamili kwa barabara za Uganda

Breki za mbele za vani huisha kwa kufanya kazi. Za nyuma, mara nyingi, huharibika kwa kukosa kazi. Unapokanyaga breki uzito wa gari huegemea mbele, kwa hiyo pedi za mbele ndizo zinazobeba mzigo, na vani inayorudi tupu kutoka Mbale au Masaka huzigusa breki zake za nyuma kidogo tu. Diski isiyosuguliwa vya kutosha hushika kutu. Juu ya hapo kuna vumbi jekundu la maramu, ambalo mvua zikianza hugeuka tope, linaingia kwenye pini za kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, na kukaukia humo. Pedi ya ndani inalalia diski bila kuachia, ya nje haigusi kabisa, na mwenye gari anaambiwa pedi zimekwisha.

Ndiyo maana nasema mapema: kufunga pedi mpya ni sehemu ndogo ya kazi hii. Sehemu kubwa ni kusafisha, kupaka grisi inayofaa mahali panapofaa, na kuhakikisha kila kinachotakiwa kuteleza kinateleza. Fundi anayechomoa pedi kuukuu na kuchomeka mpya bila kugusa pini wala breketi, fremu inayobeba pedi na kalipa, hajatengeneza breki. Amekuuzia pedi tu, na baada ya muda mfupi utarudi kwake.

Mwongozo huu unamfaa mwenye gari anayejua kushika spana, na kijana aliyeko gereji anayetaka kuifanya kazi hii sawasawa. Kama gari lako ni taksi ya abiria 14, ile Toyota HiAce iliyojaa barabara zetu, nyuma ina dramu, si diski, na taratibu zake ni nyingine. Hapa nazungumzia vani zenye diski nyuma, kama Mercedes-Benz Sprinter, Volkswagen Transporter na Toyota Alphard. Sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, magari yanayotufikia yakawa mapya zaidi, na kadiri gari lilivyo jipya ndivyo uwezekano wa kukuta diski nyuma, hata handibreki ya umeme, unavyokuwa mkubwa.

Kwanza ijue handibreki yako

Hapa ndipo watu huharibu vitu vya gharama. Usifungue hata nati moja kabla hujajua gari lako lina handibreki ya aina gani, kwa sababu hilo ndilo linaloamua jinsi ya kutoa diski na jinsi ya kurudisha pistoni.

Aina ya kwanza ina breki shuu mbili ndogo zilizojificha ndani ya diski. Katikati ya diski kuna kofia pana, na uso wa ndani wa kofia hiyo ndio dramu ya handibreki. Sprinter zilizotengenezwa kuanzia 2006 hadi 2018 ziko hivi. Utaitambua kwa kuchungulia nyuma ya gurudumu: waya wa handibreki hauendi kwenye kalipa, unaingia kwenye bati lililo nyuma ya diski. Pistoni ya kalipa ya aina hii inasukumwa moja kwa moja.

Aina ya pili, waya unavuta mkono mdogo ulio kwenye kalipa yenyewe. Transporter ya T5, iliyotoka mwaka 2003, iko hivi. Ndani ya pistoni kuna uzi kama wa bolti unaojirekebisha kadiri pedi zinavyopungua. Pistoni hii hairudi kwa kusukumwa tu. Lazima izungushwe huku ikisukumwa. Ukiibana kwa jiklampu (klampu ya umbo la G) kwa nguvu utauvunja ule uzi wa ndani, na hapo utakuwa unanunua kalipa nzima badala ya pedi.

Aina ya tatu haina mkono wala waya, ina swichi. Mota ndogo iliyofungwa nyuma ya kalipa ndiyo inayobana pedi. Hii inahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari ili uiamuru mota irudi nyuma kabla hujafungua chochote. Kama hauna mashine hiyo, mtafute mwenye nayo kwanza. Na mtu yeyote asiguse swichi ile wakati kalipa iko nje, kwa sababu mota itaisukuma pistoni hadi itoke.

Kupima kabla ya kununua

Dalili zinajulikana: mlio wa chuma kwa chuma, harufu ya kuungua baada ya mteremko, rimu moja ya nyuma yenye joto kuliko mwenzake, handibreki inayovutwa hadi juu bila kushika. Lakini dalili haikwambii cha kununua. Toa gurudumu, upime.

Pedi ikibaki na milimita 3 za nyenzo ya kusugulia, bila kuhesabu bati lake, ibadilishe. Tazama pedi zote mbili za kila upande, kwa sababu kwa kuchungulia kupitia rimu unaiona ya nje tu, wakati ya ndani ndiyo mara nyingi huisha kwanza. Ikiwa ya ndani imeliwa zaidi ya ya nje, au pedi imeliwa kwa mshazari, pini za kalipa zimekwama au pedi imeganda kwenye breketi. Andika ulichokiona, maana ndicho utakachokitafuta wakati wa kusafisha.

Diski ina kipimo chake cha mwisho, na watengenezaji wengi hukichapa ukingoni au kwenye kofia kwa herufi MIN TH zikifuatwa na namba. Ikiandikwa MIN TH 14, unene ukishuka chini ya milimita 14 diski hiyo haifai tena, hata kama inang'aa. Tatizo la kupima kwa vernia, kifaa cha kupimia unene, ni ule ukingo usiosuguliwa unaobaki kwenye duara la nje: midomo ya vernia inaukalia na kukupa namba kubwa kuliko ukweli. Chukua sarafu mbili zinazofanana, weka moja kila upande wa diski kwenye sehemu inayosuguliwa, pima vyote kwa pamoja, kisha toa unene wa sarafu hizo. Rudia mahali tofauti kuzunguka diski. Nyufa zinazofika ukingoni, mabaka ya bluu ya kuungua, au mashimo ya kutu kwenye uso wa kusuguliwa ni sababu za kubadilisha bila mjadala.

Kukereza diski kwenye mashine kunawezekana pale tu ambapo baada ya kukerezwa itabaki juu ya kipimo cha mwisho. Kwa diski nyembamba za nyuma nafasi hiyo ni ndogo mno, na ukishamlipa mkerezaji unakuwa umelipia diski itakayokwisha upesi.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho wengi hawakifanyi. Gurudumu likiwa zito kuzunguka hata baada ya kuachia pedali na handibreki, legeza kidogo nipeli ya kalipa, ile skrubu ya kutolea upepo, huku umeweka mpira na chupa. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, kosa haliko kwenye pistoni. Mara nyingi ni mpira wa breki uliovimba ndani na kuzuia mafuta kurudi. Kwa nje mpira huo unaweza kuonekana mzima kabisa. Ubadilishe, la sivyo pedi mpya zitaungua kama za zamani.

Kununua

Nenda dukani na namba ya chasisi, usiende na jina la gari tu. Vani moja ya mwaka mmoja huweza kutoka kiwandani na diski za vipenyo tofauti kulingana na uzito inaoruhusiwa kubeba. Ukienda kwa wauza vipuri wa Kisekka au Ndeeba, Kampala, beba na diski kuukuu ikiwezekana: linganisha kipenyo, kimo cha kofia, tundu la katikati na idadi ya mashimo ya bolti, vyote papo hapo kabla ya kulipa.

Nunua jozi. Diski mbili na pedi za pande zote mbili, hata kama upande mmoja bado una nafasi. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari linavutwa, na kwenye lami yenye maji kuvutwa huko ndiko kunakougeuza mkia wa gari. Pedi mpya juu ya diski yenye mikwaruzo mirefu nazo hazishiki ipasavyo, zinagusa vilele tu.

Pedi bandia zipo nyingi, na boksi zuri halithibitishi chochote. Kwenye bati la pedi tafuta alama ya herufi E ndani ya duara ikiambatana na namba inayoanza na 90R. Hiyo ni idhini ya kanuni ya kimataifa ya vipuri vya breki. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo tazama pia pedi yenyewe: nyenzo iwe imeshikana na bati bila mwanya, isiwe na nyufa, na pedi zote nne ziwe sawa kwa rangi na unene. Muuzaji asiyekubali ufungue boksi, muache. Pedi zilizobandikwa nyenzo mpya juu ya bati kuukuu sizikubali kabisa kwenye gari la abiria, kwa sababu kama gundi ikiachia ukiwa mteremkoni, kinachobaki kusugua diski ni bati.

Pamoja na hizo nunua vibati vya kuongozea pedi, mipira mipya ya pini, waya wa sensa ya pedi kama gari lako linao, bolti za breketi kama kitabu kinasema ni za kutumika mara moja, na mafuta ya breki kwenye chupa iliyofungwa kiwandani.

Vifaa

Jeki yenye uwezo wa kutosha na stendi mbili imara. Vizuizi vya magurudumu. Seti ya soketi na bomba refu, bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, nyundo yenyewe, brashi ya waya, msasa, faili bapa. Jiklampu, au kifaa cha kuzungusha pistoni kama una aina ya pili. Waya mgumu wa kuning'iniza kalipa. Spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Dawa ya kusafishia breki, grisi ya silikoni kwa pini, na grisi ya breki inayostahimili joto kwa migongo ya pedi. Mpira mwembamba na chupa safi. Barakoa na glavu.

Petroli isiwemo kwenye orodha hii, ingawa gereji nyingi huoshea breki kwayo. Inavimbisha mipira ya pistoni, na cheche moja inatosha kukuunguza. Kama dawa ya breki haipatikani, maji ya moto na sabuni, kisha kukausha vizuri, hufanya kazi nzuri.

Kuinua gari

Tafuta mahali tambarare na pagumu. Kama ni udongo, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Legeza nati za magurudumu nusu mzunguko tu kabla ya kuinua.

Sasa fikiri vizuri: handibreki lazima iwe imeachiwa, ama sivyo diski haitatoka. Na kama gari linaendeshwa na magurudumu ya nyuma, gia haikusaidii chochote hayo magurudumu yakiwa hewani. Kinachoshikilia gari ni vizuizi vya magurudumu ya mbele peke yake. Viweke mbele na nyuma ya kila tairi la mbele, uvipige kwa nyundo vikaze. Kisha inua, weka stendi mahali kitabu kinapoelekeza: chini ya ekseli kama ekseli ni nzima kama ya Sprinter, au kwenye sehemu za kuinulia bodi kama kila gurudumu linajitegemea. Lisukume gari kwa bega kabla hujaingiza mkono chini yake. Jeki si stendi, na matofali yanapasuka bila kukuonya.

Fanya upande mmoja hadi umalize, ndipo uhamie wa pili. Ukisahau jinsi kipande kilivyokaa, upande mwingine unakuonyesha.

Kufungua

Kabla ya kugusa chochote, lowesha vumbi lote la breki kwa dawa au maji ya sabuni, likusanye kwenye chombo. Usilipulize kwa kompresa, na wala usilipulize kwa mdomo. Pedi za zamani na baadhi ya pedi za bei ya chini huweza kuwa na asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu na ya utando wake miaka mingi baadaye. Fundi aliyefanya kazi ya breki maisha yake yote bila barakoa amevuta vumbi hilo kila siku.

Chomoa waya wa sensa. Fungua bolti mbili za pini za kalipa, ukishikilia pini isizunguke kwa spana nyembamba. Itoe kalipa na uining'inize kwa waya kwenye springi au fremu. Isiachwe ikining'inia kwa mpira wake wa breki hata kwa dakika moja. Mpira huchanika ndani mahali usipopaona.

Toa pedi, kisha bolti mbili kubwa za breketi. Hizi hukazwa sana na mara nyingi zimepakwa gundi, kwa hiyo tumia soketi inayokaa kamili na bomba refu, uvute taratibu bila kustua.

Diski nyingi zimeshikwa na skrubu moja ndogo iliyoganda. Usianze kuizungusha, utaiharibu kichwa. Igonge kwanza kwa nyundo mara kadhaa, kisha tumia bisibisi ya kugongwa. Skrubu ikitoka na diski bado imeng'ang'ania, tazama kama kuna mashimo mawili yenye uzi kwenye kofia. Ingiza bolti zinazolingana, mara nyingi za M8, uzikaze kwa zamu, nazo zitaisukuma diski itoke. Kama hayapo, nyunyizia dawa ya kutu katikati, subiri, kisha gonga kofia kati ya mashimo ya bolti huku unazungusha. Jihadhari na sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) iliyo nyuma.

Kwa aina yenye breki shuu ndani, diski inaweza kusogea kidogo kisha ikakwama. Zile shuu zimeshika ukingo uliotokea ndani ya dramu. Ukiendelea kugonga utang'oa springi zake. Tafuta tundu kwenye kofia au kwenye bati la nyuma, ingiza bisibisi, uzungushe gia ndogo ya kurekebishia hadi shuu zirudi ndani. Diski itatoka kwa mkono.

Kusafisha: hapa ndipo penye kazi

Anza na uso wa habu, pale diski inapokaa. Kutu iliyobaki hapo, hata nyembamba kama karatasi, inaiinamisha diski, na mwinamo huo unaongezeka kadiri unavyoelekea ukingoni. Siku ya kwanza hutasikia kitu. Lakini kila mzunguko diski inagusa pedi mahali pale pale, inaliwa bila usawa, na baada ya muda pedali inaanza kutetemeka. Mwenye gari anasema diski zilikuwa mbovu. Hazikuwa mbovu, zilifungwa juu ya kutu. Sugua habu kwa brashi ya waya na msasa hadi uione chuma, ukizunguka kila bolti na ule mduara wa katikati. Futa unga wote, hasa karibu na sensa ya ABS, kwa sababu sensa yenye sumaku hukusanya vipande vya chuma na kuwasha taa kwenye dashibodi.

Breketi ifuatie. Ng'oa vibati vya kuongozea pedi na utazame chini yake: kutu inayoota hapo huvisukuma vibati juu na kuibana pedi isiteleze. Ing'oe kwa faili bapa hadi pawe tambarare, bila kula chuma chenyewe. Funga vibati vipya, kisha jaribu pedi mpya humo. Iteleze kwa kusukumwa na kidole. Ikihitaji nyundo, rudi kwenye faili. Ukiilazimisha hapa, kila ulichofanya kitakuwa bure.

Pini za kalipa zichomoe moja moja ukikumbuka ipi ilikaa juu na ipi chini, kwani mara nyingi hazifanani na moja huwa na mpira mwishoni. Futa grisi ya zamani na tope. Pini yenye vishimo vya kutu ibadilishwe. Safisha tundu lake, vaa mpira mpya, paka grisi ya silikoni tabaka jembamba. Ukiijaza tundu lote, hewa iliyobanwa itaisukuma pini nje na kalipa haitakaa. Grisi ya kawaida ya beringi isitumike, inavimbisha mpira na pini inakwama tena, safari hii kwa kosa lako.

Kwa wenye breki shuu, huu ndio wakati wa kuzitazama: unene wa nyenzo, springi, na waya kama unarudi wenyewe. Tikisa habu pia. Ikicheza, beringi imechoka, na kufunga diski mpya juu ya beringi mbovu ni kutupa pesa.

Diski mpya na pistoni

Diski mpya nyingi huja na mafuta ya kuzuia kutu. Zioshe pande zote mbili na ndani ya kofia, uzikaushe, kisha usizishike usoni kwa mkono wenye grisi. Iweke kwenye habu, kaza nati mbili za gurudumu ili ikae, uizungushe. Mwenye saa ya kupimia, kile kifaa chenye mshale, apime mchezo wake karibu na ukingo na alinganishe na kitabu. Asiyenayo afunge waya imara kwenye nguzo ya springi, ncha ikikaribia kugusa diski, na atazame mwanya ukibadilika. Ukiona unafunguka na kufunga waziwazi, itoe, safisha habu tena.

Kabla ya kurudisha pistoni, tazama mpira wake wa kuzuia vumbi. Ukiwa umechanika au pistoni ina kutu, kalipa ifunguliwe na kuwekewa mipira mipya. Safisha sehemu ya pistoni iliyotokeza ili usiuingize uchafu ndani. Punguza mafuta kwenye tangi la masta silinda, pampu kuu ya breki, kwa sirinji, maana pistoni ikirudi mafuta hupanda na kumwagika, nayo hula rangi ya gari. Njia ninayoipenda zaidi ni kufunga mpira kwenye nipeli, kuilegeza, na kuyaacha mafuta yale machafu yatokee nje badala ya kuyasukuma kurudi kwenye vali za ABS. Funga nipeli kabla hujaacha kubana.

Pistoni ya kusukumwa: weka pedi kuukuu juu yake, bana kwa jiklampu polepole. Ya kuzungushwa: kaza kifaa chako kwenye mifereji ya pistoni, sukuma huku ukizungusha, kwa kawaida kuelekea kulia, ingawa yapo magari ambayo upande mmoja huzunguka kinyume. Ikikataa na kukaza, usiongeze nguvu, badili mwelekeo. Mwishoni hakikisha mfereji wa pistoni umekaa sawa na kijipele cha nyuma ya pedi kama pedi zako zinacho.

Kufunga

Kaza bolti za breketi kwa kipimo cha kitabu. Weka pedi, ukikumbuka yenye sensa au yenye ulimi wa kupiga kelele pedi ikiisha ikae mahali pake. Paka grisi ya breki kidogo sana kwenye masikio ya pedi na mgongoni pake. Usoni isifike hata tone. Rudisha kalipa, kaza bolti za pini, angalia mpira wa breki haujajisokota, rudisha waya wa sensa.

Sasa kanyaga pedali taratibu mara nyingi hadi iwe ngumu. Fanya hivyo kabla gari halijagusa ardhi na kabla injini haijawashwa kwa safari. Pistoni bado ziko mbali na pedi, na anayesahau hatua hii hukanyaga mara ya kwanza akiwa anatoka getini na pedali inazama hadi chini. Baada ya hapo jaza tangi hadi kwenye alama.

Kama ulifungua nipeli au mpira, toa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki. Kitabu cha gari ndicho kinachotoa mpangilio. Kwa kawaida unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Vani nyingi za zamani zina vali ya mzigo, iliyounganishwa kwa springi na ekseli ya nyuma, inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu. Ekseli ikining'inia hewani vali hiyo hudhani gari ni tupu kabisa na huzuia mafuta. Kwa hiyo toa upepo ekseli ikiwa imekaa juu ya stendi. Ukikuta mtu ameifunga vali hiyo kwa waya au ameukunja mkono wake, irudishe kama ilivyokuwa.

Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishanyonya unyevu kipimo chake cha chini kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pedali itakuwepo au itazama. DOT 5 ya silikoni isichanganywe na hizi.

Handibreki rekebisha mwisho. Yenye shuu: rekebisha gia ya ndani hadi diski igusie kidogo, rudisha nyuma hadi izunguke huru, ndipo uguse waya. Anayeanza na waya hupata handibreki inayoshika leo na kulegea kesho. Yenye mkono kwenye kalipa: kanyaga pedali kwanza, vuta handibreki mara kadhaa, kisha tazama kama mikono yote miwili imerudi hadi mwisho inapoachiwa. Ya umeme: mashine iirudishe kazini.

Rudisha magurudumu, kaza nati kwa kuvuka kama nyota, na umalizie kwa spana ya toki gari likiwa chini. Transporter T5 inataka Nm 180, Toyota nyingi ni karibu Nm 103, kwa hiyo kukisia hakufai. Ukikwama porini bila spana hiyo, Nm 180 ni takriban uzito wa kilo 18 mwishoni mwa bomba la mita moja.

Kuzizoeza

Jaribu kwanza uwanjani kwa mwendo wa mguu. Pedali ikiwa sawa, tafuta barabara isiyo na msongamano. Kutoka kilomita 50 kwa saa punguza taratibu hadi 10, endesha kidogo zipoe, rudia mara kumi hivi. Usisimame ukiwa umekanyaga breki zenye moto. Pedi huacha alama yake kwenye diski, na alama hiyo hutetemesha pedali. Kilomita 200 za mwanzo jiepushe na breki za ghafla, na usichukue mzigo kamili kupanda Kapchorwa au kuvuka milima kati ya Kabale na Kisoro ndani ya kipindi hicho. Hata baadaye, kwenye miteremko ile shuka kwa gia ndogo. Injini ikusaidie kubeba kazi.

Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya nyuma bila kuigusa. Joto liwe sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukiwaka kuliko mwingine, fungua tena, anza na pini. Baada ya kilomita 100 kaza nati za magurudumu upya, na utazame kiwango cha mafuta.

Kisha uweke ratiba: mvua za Machi hadi Mei zikiisha, na za Septemba hadi Novemba zikiisha, toa magurudumu ya nyuma, vuta pini, futa tope, paka silikoni, sukuma pedi kwa kidole. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili, na yale machafu yafunge kwenye chupa uyapeleke gereji inayokusanya oili chafu, usiyamwage mtaroni.